Walidhani Nimeleta Msaada

Dada yangu aliniponyoka bafuni asubuhi ya Jumatano, akiwa na povu la sabuni mwili mzima, na sikuweza kumwinua. Nilijaribu kumshika kwapani, nikajaribu kiunoni, nikajaribu kumvuta kwa taulo. Nina miaka sabini na mitatu. Yeye amepita themanini, na tangu kiharusi kimpige upande wa kulia amekuwa mzito kama gunia lililonyeshewa. Mwishowe nilifungua mlango wa mbele nikaita watu. Waliokuja ni wanaume wawili wanaouza viatu vya mtumba mbele ya nyumba yetu hapa Bungoma, hatua chache kutoka msikitini. Walikuwa watu wema. Mmoja alifumba macho akawa anapapasa ukutani, mwenzake akamfokea, "Fungua macho bana, utamwangusha tena!" Basi akafungua. Wakambeba hadi kitandani, nami nikiwakimbilia nyuma na leso ambayo haikuwahi kufika palipotakiwa.

Hakuna mwanamume aliyewahi kuona hata nywele za dada yangu isipokuwa baba yetu, kaka yetu na mumewe, na wote watatu wametangulia mbele ya haki. Siku ile alifumba jicho lake la kushoto, lile ambalo bado linamtii, asilifungue mpaka adhana ya adhuhuri. Tangu kiharusi hasemi ila neno mojamoja. Siku ile hakusema hata hilo moja.

Hapo ndipo nilipokubali kwamba sina tena nguvu za kumsitiri, na kwamba lazima nimtafutie watu wenye nguvu hizo. Shida yangu ilikuwa hiyo tu, stara yake. Chakula na kitanda vinapatikana hata jela.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka mitano. Dada ndiye aliyenikalisha juu ya jiwe nyuma ya nyumba akanifundisha kutawadha, akinimiminia maji kwa kopo, akinirudisha kwenye kiungo kilekile mpaka aridhike. Baadaye nilisoma kwa masheikh, kisha nikafundisha wasichana madrasa kwa miaka arobaini, na watu wakaniita mwalimu. Elimu yote hiyo ilianzia kwenye jiwe lile. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Nilimshukuru pia kwa miezi kumi na minne niliyomtunza dada yangu kwa mikono yangu, na ilipofika mwisho wake sikumlaumu Yeye. Wa kuwalaumu walikuwapo wa kutosha hapa duniani.

Wa kwanza ni ukoo wetu. Walikutana sebuleni kwangu Jumapili iliyofuata, wakanywa chai ya tangawizi birika mbili, wakasikitika. Wifi yangu, mjane wa kaka yetu, ndiye aliyeongoza masikitiko.

"Sisi hatupeleki wazee kwa watu," alisema. "Hiyo ni mila ya Wazungu. Sisi tunatunzana."

Nikamwambia, "Vizuri, wifi. Basi njoo kesho umwoshe."

"Kesho niko na chama."

"Jumanne?"

"Mgongo wangu unaujua, wifi."

Niliujua. Mgongo huo unacheza ngoma kila harusi kutoka hapa mpaka Mumias. Nimejifunza kwamba mtu akisema "sisi" mara nyingi katika jambo la kubeba, hana nia ya kubeba. Waliondoka wote kabla ya magharibi, kila mmoja ameridhika kwamba ametetea mila, na hakuna hata mmoja aliyeingia chumbani kumsalimia mwenye mila yake.

Wa pili ni mtoto wa huyo wifi, ambaye anaishi Nairobi na hufanya mambo yote kwa simu. Yeye angalau alikuwa na jibu.

"Shangazi, usijali. Nimeshaangalia kwa mtandao. Kuna nyumba ya wazee Kitale, iko sawa kabisa. Imepewa nyota tano."

"Nani amezitoa hizo nyota?"

"Watu tu, shangazi. Wateja."

"Wateja ni hao wazee?"

"Si ni watoto wao."

"Basi hizo ni nyota za watu waliotua mzigo," nikamwambia. Lakini nilikwenda, kwa sababu sikuwa na pengine pa kuanzia. Nilimwacha dada na jirani, nikafika Kitale saa nne asubuhi.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri kutazama. Lango la chuma, nyasi zilizokatwa, vigae vinavyong'aa hadi unaona chini ya buibui lako mwenyewe. Maua ya plastiki yalikuwa kila kona, na yalifutwa vumbi vizuri kuliko nilivyokuja kuona watu wakifutwa. Meneja alikuwa kijana mwenye tai. Aliniita Hajjat, ingawa sijajaaliwa kwenda Makka. Nilimsahihisha, akasema, "Sawa kabisa, Hajjat," akanikalisha kwenye kiti laini nilichozama mpaka magoti yakawa juu ya kifua.

"Hapa wazee wetu wanaishi kama wako hotelini," akasema. "Televisheni iko, mazoezi iko, besidei tunafanya. Mpaka keki."

"Nani huwaosha?"

"Tuko na wafanyakazi waliosomea, mama. Kila mzee ako na ratiba yake."

"Wanawake huoshwa na wanawake?"

"Inategemea nani ako zamu. Kazi ni kazi, mama."

"Na akienda haja? Husafishwa kwa maji?"

Hapo uso wake ukachangamka, kwani nilikuwa nimeuliza swali alilolifanyia maandalizi. "Hapana, hapa hatuhangaiki na maji. Tunatumia waipsi. Si ile karatasi ya kawaida, hapana. Hii iko na harufu ya waridi." Akafungua droo, akachomoa kimoja, akaninyooshea ninuse.

Nimeishi miaka sabini na mitatu bila kudhani kwamba siku moja kijana mwenye tai atanipa kitambaa cha kupangusia makalio ya dada yangu ili nisifie manukato yake. Nilinusa. Kilinukia waridi kweli. Nikamwuliza choo kiko wapi.

Akanionyesha mlango ulioandikwa kwamba ni wa wageni. Nikamwambia nataka cha wazee. Akasema cha wageni ni kisafi zaidi. Nikamwambia ndiyo maana nataka kile kingine. Alitabasamu kwa shida, akanitangulia kwenye ukumbi mrefu.

Juu ya sinki la wazee kulikuwa na kipande cha sabuni, kikavu, na herufi za kiwanda zimesimama juu yake wazi kama za sarafu mpya. Nilifungua bomba. Lilikohoa, likatema kutu kidogo, likanyamaza.

"Maji yamepotea leo tu, mama," akasema nyuma yangu.

Sabuni ile haikuwa na habari kwamba ni leo tu. Haikuwa imeguswa na mkono wa mtu tangu itolewe kwenye karatasi yake. Yeyote anayetaka kujua kama nyumba ni safi asitazame vigae, kwa maana vigae hupigwa deki kwa ajili ya mgeni. Atazame sabuni ya mwenyeji imelika kiasi gani.

Tuliporudi tulipita sebuleni kwao. Wazee kama kumi walikuwa wamepangwa mbele ya televisheni iliyokuwa ikionyesha katuni. Mwanamke mmoja alikuwa amefungwa kitini kwa kipande cha shuka, fundo likiwa nyuma, mahali ambapo mkono wake haungefika. Nilipopita alishika buibui langu akaling'ang'ania.

"Ni kwa usalama wake," meneja akasema, akimfungua vidole kimoja kimoja kama mtu anayetoa miba kwenye nguo. "Wakiachwa hivi hivi wanaanguka."

"Na wewe ungefungwa ungependa fundo likae wapi?" nikamwuliza. Akacheka, akidhani ni mzaha.

Hapa lazima niseme kweli, kwa kuwa ninaandika haya baada ya sala na sitaki kuyachanganya na uongo. Jioni tatu kwa wiki nilipokwenda kufundisha madrasa, mimi pia nilimfunga dada yangu kitini, kwa leso. Ilikuwa leso nzuri ya pamba, na fundo laini. Nilijiambia kwamba leso si shuka, na kwamba saa moja si siku nzima. Nilitoka pale Kitale nikiwa nimejaa dharau kwa kijana yule na nyumba yake, nikabaki nayo njia yote, na jioni ya kesho yake nikamfunga dada tena nikaenda kufundisha.

Nyumba ya pili ilikuwa upande wa Matulo, nje ya Webuye, ikiendeshwa na mchungaji na mkewe. Niliambiwa kuna upendo mwingi huko. Sikuwapigia simu kwanza, maana nilitaka kuwakuta walivyo. Lakini nilifanya kosa moja. Huku kwetu mtu haendi kwa watu mikono mitupu, basi nilibeba mfuko wenye sukari kilo nne na miche miwili ya sabuni.

Mlinzi alitazama mfuko, akatazama buibui, akakimbilia ndani akipaza sauti, "Wageni wa msaada wamefika!"

Kabla sijafika barazani viti vya plastiki vilikuwa vinapangwa nusu duara. Wazee walitolewa vyumbani, wengine kwa miguu, wengine kwa kuburutwa pamoja na viti vyao, na kila mmoja akawekewa blanketi nyekundu magotini, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Ilikuwa saa sita mchana na jua linachoma. Nilifungua mdomo nieleze, lakini mama mchungaji alikuwa amenishika mikono yote miwili.

"Mungu ni mwema, mama! Tulikuwa tunaomba sukari tangu juzi. Wenzako wako nyuma?"

"Sina wenzangu. Nimekuja—"

"Hata mmoja ni baraka. Wazee, tumwimbie mgeni!"

Wakaimba. Nimesikia watoto wa chekechea wakimwimbia afisa wa elimu, na najua wimbo ulioimbwa mara nyingi mno unavyosikika. Maneno yalitoka bila macho. Mzee mmoja alipiga makofi nyuma ya wenzake kwa pigo moja zima, akaendelea kupiga walipokwisha, mpaka mlezi alipomshika mikono. Kisha simu ikatolewa.

"Mama, inua sabuni juu kidogo. Hiyo nguo yako nyeusi inaificha. Hapo! Kukhu, cheka na mgeni. Cheka!"

Bibi aliyeitwa kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu, alionyesha ufizi. Nami, Mungu anisamehe, niliinua sabuni. Nilikuwa mtu mzima mwenye elimu yake, nimekuja kukagua, nikasimama kama mti nikipigwa picha na miche miwili ya sabuni, kwa sababu sikuwahi kufundishwa namna ya kukataa shukrani.

Nikakaa karibu na mzee wa makofi. Aliniinamia akanong'ona, "Leo ni sukari peke yake?"

"Na sabuni, mzee wangu."

"Wale wa Jumamosi walileta nyama," akasema, kwa sauti ya mtu anayenionea huruma.

"Mzee, mimi si wa msaada. Natafuta mahali pa dada yangu."

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hapa?"

"Pakoje?"

"Aje na blanketi yake. Hizi ni za wageni. Nyinyi mkienda, zinaenda."

"Zinaenda wapi?"

"Si stoo. Kaa tu utaona, kama uko na muda."

Muda nilikuwa nao. Nilitoa tasbihi nikakaa. Ni vigumu kumfukuza mwanamke mzee mwenye tasbihi, hata kwa wasiojua anachosema. Wimbo uliisha, picha zikaisha, watu wakaanza kunitazama kama sahani iliyosahauliwa mezani. Mama mchungaji alipita mara mbili.

"Mama, si gari yako inakungoja?"

"Sina gari. Nangoja adhuhuri niswali. Naomba maji ya kutawadha."

Aliniletea maji ya chupa, yale ya kununua, na kifuniko hakijafunguliwa. Nikamwuliza kama hakuna ya kawaida. Akasema tangi lina shida kidogo. Nikamwuliza wazee huoga kwa yapi. Hapo ndipo alipouliza kwa mara ya kwanza mimi ni nani hasa, nikamwambia. Nimeona uso wa mtu ukivua tabasamu lake, lakini sijaona ukilivua upesi hivyo.

"Ah. Basi hayo ni mambo ya ofisi, mama. Ungesema mapema."

Blanketi zilianza kukusanywa. Mlezi alipita nyuma ya viti akizivuta moja moja kutoka magotini, akizikunja kwa mikunjo ileile ya dukani. Hakuna aliyeteta. Bibi mmoja aliinua mikono juu kabla hajafikiwa, ili asimcheleweshe mvutaji. Chini ya blanketi yake gauni lilikuwa limeloa mapajani, na si kwa maji. Alikuwa ameketi hivyo wimbo mzima, na picha zote, na mimi mbele yake nikiwa na sabuni mkononi.

Mzee wa makofi akanikonyeza. "Sasa umeona," akasema. "Mwambie dada yako asifanye haraka."

Niliwadharau watu wale kwa dhati, na bado sijapata sababu ya kuacha. Lakini dharau ikiwa na macho mawili huona na nyumbani. Kila Ramadhani, kwa miaka mingi, mimi ndiye niliyewaongoza akina mama wa madrasa kwenda kutoa sadaka kwa wazee. Tulikuwa na kitambaa kirefu chenye jina letu tunachokishika mbele. Tuliimbiwa kasida na watu walioambiwa waimbe. Hatukuwahi kukaa hata mara moja mpaka blanketi zikunjwe. Picha moja ya safari hizo iko sebuleni kwangu, kwenye fremu, na mimi niko katikati.

Nilipomsimulia mwanamke anayetuletea maziwa asubuhi, hakushangaa. Alisema mama mkwe wake alikuwa katika nyumba moja huko Ndalu miaka yake ya mwisho.

"Pakoje?" nikauliza. Nilikuwa nimechoka na swali hilo.

"Ni mahali pa kawaida tu, mwalimu. Usitarajie maua." Akamimina maziwa, akafikiri. "Lakini mama mkwe alikufa akinukia sabuni."

Safari hii nilikwenda na dada. Nilikuwa nimezunguka nyumba mbili kumtafutia mahali bila kumwonyesha hata moja, na mwenye kununua ng'ombe soko la Sirisia hata yeye huangalia kama ng'ombe anakubali kutembea naye. Jirani alitupeleka kwa pikapu yake, dada akakaa mbele. Mvua ilikuwa imenyesha. Hapakuwa na kibao wala lango, palikuwa na mahindi pande mbili na nyumba ndefu ya mabati katikati.

Mwenye nyumba alitokea zizini akiwa amevaa gambuti. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mnene wa makamo. Alinawa mikono kwa sabuni kwenye beseni lililopasuka ukingo, akaja moja kwa moja upande wa dada, akachuchumaa kwenye matope mlangoni mwa pikapu.

"Mulembe, kukhu."

Dada yangu alikua na watoto wa Kibukusu, na salamu hiyo ya amani aliijua. Midomo yake ilihangaika, kisha ikapata. "Mulembe."

Nikaanza kueleza kutoka upande wangu: kiharusi, mkono wa kulia, dawa zake, mwaka mmoja na miezi miwili. Yule muuguzi aliinua kidole bila kunitazama.

"Pole, mama. Ngoja kidogo. Wewe umeongea, yeye bado."

Hakuna aliyeniambia ningoje tangu nilipokuwa mwanafunzi. Nikangoja, na katika kungoja nikaanza kuhesabu makosa. Kuku walikuwa wakitembea ukumbini kama wapangaji. Chai tuliyopewa ilikuwa nyepesi hata unaona chini ya kikombe. Mlango wa jikoni ulishikiliwa na tofali. Juu ya kitanda alichoonyeshwa dada kulikuwa na picha ya msalaba. Nilisema picha hiyo itoke.

"Kitanda ni chake," muuguzi akasema. "Yeye akisema itoke, inatoka." Akamgeukia. "Kukhu, itoke ama ikae?"

Dada aliitazama picha kwa jicho lake moja, akanitazama mimi, akapiga miayo. Alikuwa amechoka na safari.

"Itoke," nikasema.

"Akiamka nitamwuliza tena," akasema yule mwanamke, na nikamchukia kabisa.

Choo sikuhitaji kuomba kuonyeshwa, kwani mlango ulikuwa wazi. Ndoo mbili za maji zilikuwa pale, na kopo, na kipande cha sabuni kilicholika mpaka kikawa chembamba kama kucha. Nilikitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekuja na ghadhabu nyingi kuliko nilizohitaji, na sikujua pa kuziweka.

Dada alipoamka muuguzi alimwuliza kama anataka kuoga. Mkono wa kushoto ukainuka kidogo. Nikasimama, nikakunja mikono ya gauni.

"Na dada yako aingie?" akamwuliza.

Mkono uleule ukaenda kushoto, ukaenda kulia. Hapana.

Mwaka mzima na miezi miwili nilimwosha, na sikuwahi kumwuliza. Nilimtaka radhi Mungu hapohapo, kimyakimya. Kumtaka radhi dada ilinichukua siku kadhaa zaidi.

Mlango ulifungwa. Nilibaki ukumbini na kuku, sikio likiwa karibu na ubao kuliko inavyompasa mwalimu wa dini. Nikasikia maji yakimiminwa. Nikasikia sauti ya muuguzi ikiuliza, "Hivi? Ama nimimine mara ngapi? Mimi sijui ya Waislamu, nionyeshe." Kisha maji tena. Kisha sauti ya dada yangu, nzito, inatoka kama jiwe linaloviringishwa.

"Tatu."

"Mara tatu. Haya. Na huu mkono mwingine pia?"

"Tatu."

Alikuwa akifundisha.

Muuguzi alitoka kwanza, mikono imelowa, akavuta mlango nyuma yake. Aliongea kwa sauti ya chini ili asisikike ndani.

"Kuna mstari hapa tumboni, mama. Unaenda mpaka mgongoni. Ni wa nini?"

Ningeweza kusema alianguka, na ingekuwa kweli ya siku nyingine. "Leso," nikasema. "Nilikuwa namfunga nikienda kufundisha."

Nilingoja anihukumu. Nilikuwa na majibu tayari, maana watu wa kuhukumu nilikuwa nimewazoea. Yeye alikausha mikono kwa aproni.

"Hapa hatufungi," akasema. "Pengine ataanguka, sitakudanganya. Tunaweka godoro chini. Na wanaomwosha ni mimi na msichana mmoja, hakuna mwanamume anaingia huko. Chai yetu ni mbaya, naona umeiacha. Sukari imeisha."

Nilimwacha dada yangu Ndalu siku ile. Nilimwuliza kwanza, mara mbili, nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda, na mara zote mbili mkono ulikubali. Mara ya pili ulikubali kwa haraka, kama wa mtu anayetaka mgeni aende. Kisha muuguzi akamwuliza habari ya picha ya msalaba. Mkono ukaonyesha itoke, ikashushwa ikapelekwa chumba kingine.

Ukoo haukuchelewa. Wifi yangu alinipigia simu kusema kwamba watu wanasema. Nikamwambia awape salamu. Mwanawe akaniuliza kama nyumba hiyo ya Ndalu iko kwa mtandao, akataka kujua ina nyota ngapi. Nikamwambia ina kuku sita na mtandao hawana. Alisema, "Shangazi, si ungenisikiliza tu," nami nikamshukuru kwa simu yake, kwa maana shukrani hazikosi sababu ya kutolewa.

Siku ya tisa nilikwenda bila kuwaambia. Nilichagua Jumanne, siku ambayo hakuna mgeni wa maana huja popote, na sikuzungumza na mtu mpaka nilipofika mlangoni mwa chumba cha dada. Msichana wa kazi alikuwa amesimama hapo katupia taulo begani.

"Kukhu anaoga," akasema. "Ngoja."

"Mimi ni dada yake."

"Najua, mwalimu. Si ungoje tu?"

Alikwisha kukaza mguu wake mbele ya mlango, mguu wenye ndara, na nilijua kwamba hata kama ningekuwa daktari, au kadhi, au wifi yangu mwenyewe na ukoo mzima nyuma yake, nisingepita. Kulikuwa na mtu mwingine akingoja pia, fundi aliyekuja kutengeneza dirisha la chumba hichohicho. Alikuwa ameambiwa aketi mwisho wa ukumbi akiangalia shamba, na alikuwa akiliangalia kwa utiifu.

Nikaketi juu ya gunia la mahindi. Ndani maji yalikuwa yakimiminwa, yakikoma, yakimiminwa tena, na mtu alikuwa akihesabu. Walinikawisha karibu nusu saa, bila hata chai. Sikulalamika.